Kijana mkimbiaji na hofu ya mizani
Makutano ya Meru nilimwona msichana wa shule akimaliza mazoezi, kisha akakataa uji: aliogopa kuambiwa ni mzito. Hofu hiyo haianzii tumboni. Huletwa na neno la kocha, mzaha wa wenzake, picha za simuni, na imani kuwa mwembamba ndiye mshindi.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza madhara yake: chakula kisipotosheleza mazoezi, hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, hata moyo na akili huathirika. Wavulana nao hawakusalimika.

Wazazi wenzangu wa Pwani, tusiwataje watoto kwa kilo zao. Binti akikosa hedhi miezi mitatu, apelekwe hospitali. Mwili ni amana.