Kutoka Baraka hadi kwenye simu: waliobakwa walivyoanza kusema

Kwa miaka mingi huko Kivu, mwanamke aliyebakwa aliambiwa neno moja tu: nyamaza. Akisema, bwana yake anaweza kumfukuza. Asiposema, ugonjwa unamla ndani. Wengi walinyamaza.

Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilifunguliwa Bukavu chini ya Dokta Denis Mukwege. Hapo wanawake walipata mtu wa kuwasikiliza, lakini maneno yao yalibaki kati yao na daktari.

Tarehe 20 Julai 2006, Kongo ilipata sheria mpya juu ya ubakaji. Sheria hiyo ilisema pia kwamba usalama na heshima ya aliyebakwa vilindwe, na kwamba akiomba, kesi isikilizwe milango ikiwa imefungwa. Kwa hiyo alipewa haki mbili pamoja: ya kusema, na ya kujificha.

Haki hizo zilionekana Baraka, wilayani Fizi. Usiku wa mwaka mpya wa 2011, wanajeshi waliingia mjini Fizi, wakapora na kubaka. Wiki chache baadaye mahakama ya kijeshi ikasafiri mpaka Baraka, karibu na wenyeji. Wanawake 49 walitoa ushahidi, wengine wao faraghani. Mwezi wa Februari, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Mkubwa wa jeshi aliangushwa na maneno ya akina mama wa kijijini.

Baadaye wengine walisimama bila kujificha. Tatiana Mukanire, wa harakati ya manusura, aliandika kitabu mwaka 2021 akasimulia mwenyewe yaliyompata Bukavu mwaka 2004. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye ndiye aliyechagua siku, maneno na jina.

Leo simu imeleta baraza jipya. Tangu mwaka 2017, wanawake wa nchi nyingi wamesimulia ubakaji kwenye Facebook na Twitter, na waliodhani wako peke yao wakajua kwamba ni wengi. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kwenye simu hakuna jaji wa kufunga mlango. Video ya msichana wa kambini, iliyochukuliwa na mtu mwingine na kurushwa WhatsApp, inaweza kumfikia baba yake, jirani yake, hata yule aliyembaka. Hairudi tena.

Akina mama wa Baraka walishinda kwa sababu waliamua wenyewe nani awasikie. Manusura wa leo ana haki ile ile. Akitaka kusema, asikilizwe. Akitaka kunyamaza, asisukumwe. Na anayepokea video yake kwenye simu, asimtumie mwingine.