Magari mapya yenye sura ya zamani

MTINDO wa kuunda gari jipya lenye sura ya zamani ulishika kasi miaka ya 1990, na baadhi ya magari yaliyoigwa ni yale ambayo wazee wa Mwiki, Ruiru na Thika waliyazoea barabarani.

Mojawapo ni Volkswagen Beetle, lile lenye mgongo kama wa kobe, ambalo mwaka wa 1953 liling'ara katika Coronation Safari, mashindano yaliyozaa Safari Rally. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa, hivyo halikuwa na rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka njiani. Fundi wa jua kali mwenye spana chache aliweza kuishusha na kuitengeneza chini ya mti.

Mnamo 1994 Volkswagen ilionyesha gari la majaribio, Concept One, lililobuniwa na J Mays na Freeman Thomas. Toleo la kuuzwa, New Beetle, lilianza kuundwa mwaka wa 1997. Paa la mviringo na taa za duara zilirejea, na hata kichupa cha ua kikawekwa karibu na usukani. Ndani, hata hivyo, lilikuwa Golf: injini mbele, ikipozwa kwa maji, rejeta ikiwemo. Kilichorithiwa ni uso tu.

BMW ilifuata na Mini mwaka wa 2001, naye Fiat akazindua 500 mpya Julai 4, 2007, miaka 50 kamili baada ya ile ya kwanza. Peugeot 504, ambalo Wakenya wengi walilipanda likiwa teksi ya masafa marefu, lilienziwa mwaka wa 2018 kupitia e-Legend, gari la umeme la maonyesho lililofuata umbo la 504 la milango miwili. Halikuingia sokoni.

Thika kuna kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers. Volkswagen iliporejea hapo Desemba 2016 haikuleta Beetle bali Polo Vivo, gari dogo la kawaida. Si ajabu. Sura ya zamani huuzwa ghali, na aghalabu mnunuzi wake huwa na gari jingine la kazi.

Mkazi wa Mwiki anayelitamani Beetle jipya hulazimika kutafuta lililotumika. Hapo kanuni huingilia kati, kwa kuwa Kenya haipokei magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Beetle la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2019. Hivyo muda wa kuyaagiza unayoyoma. Gari lililoundwa lifanane na la kale litakataliwa bandarini kwa kuzeeka kwelikweli, ilhali magari asilia ya kale yaliyosalia nchini bado hung'arishwa na kushindanishwa katika Concours d'Elegance jijini Nairobi, maonyesho yaliyoanza mwaka wa 1970.