Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 tulikuwa ufukweni mwa Ziwa Kivu, mjini Gisenyi, tukiwatazama waogeleaji wakijitosa majini. Mwaka uliotangulia, mashindano hayo yalipofanyika wilayani Rubavu kwa mara ya kwanza, nasi tulikuwa miongoni mwao. Humtaka mshindani aogelee kilomita 1.9, apande baiskeli kilomita 90, kisha akimbie kilomita 21.1, yote kwa mfululizo na kwa siku moja. Kuogelea tulimaliza, juu ya baiskeli nguvu zilituishia, na muda uliowekwa ukatupita kabla hatujavaa viatu vya kukimbilia. Basi mwaka wa pili tulikwenda kutazama tu. Mwanafunzi wetu mmoja alitukuta pale, akatuamkia, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona mwaka huu uko nchi kavu?" Tulicheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Tukaenda kulitafuta katika historia ya mashindano yenyewe, na tuliyoyaona huko twapenda kuwashirikisha wenzetu.

Mashindano ya namna hii huitwa triathloni, neno lenye asili ya Kiyunani, maana yake shindano la mambo matatu. Yale ya Rubavu ni nusu ya umbali kamili. Umbali kamili chimbuko lake ni kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, nchini Marekani, na ulizaliwa kutokana na mabishano. Wanamichezo wa huko walikuwa wakibishana nani mwenye mwili imara zaidi: mkimbiaji, mwogeleaji, au mwendesha baiskeli. John Collins, ofisa wa jeshi la majini, na mkewe Judy, ambao walikwisha kushiriki triathloni fupi mjini San Diego mwaka 1974, waliona ubishi huo haumalizwi kwa maneno. Wakayaunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari kisiwani: kuogelea kilomita 3.8 baharini, kuendesha baiskeli kilomita 180, na mbio za marathoni za kilomita 42.195. Atakayetangulia kumaliza, wakasema, ataitwa Mtu wa Chuma.

Tarehe 18 Februari 1978 walijitokeza watu 15. Hapakuwa na zawadi ya fedha. Kila mmoja alikuja na wasaidizi wake wa kumpa chakula na maji. John Dunbar aliongoza hadi katika mbio za miguu. Yasemekana kwamba wasaidizi wake waliishiwa maji njiani wakampa bia, naye akaanza kupepesuka. Gordon Haller akampita, akamaliza kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Kutangulia si kufika. Watu 12 walimaliza siku ile, akiwamo Collins mwenyewe, aliyefika usiku baada ya saa zipatazo 17. Mwaka 1979 Lyn Lemaire akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, tena akashika nafasi ya tano kati ya wote. Mwaka 1981 mashindano yakahamishiwa Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, ambako barabara hukata nyika ya mawe meusi ya volkeno, penye jua kali na upepo wa ubavuni.

Huko Kona, Februari 1982, ndiko lilikotokea jambo lililoyafanya mashindano haya yajulikane ulimwenguni. Julie Moss, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 23, alikuja kukusanya habari za utafiti wake wa chuo. Akajikuta anawaongoza wanawake wote. Karibu na mwisho miguu ilimkataa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney alimpita pale karibu kabisa na mstari. Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akaufikia, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Televisheni ya Marekani ilionyesha picha hizo, na aliyeshindwa akakumbukwa kuliko aliyeshinda.

Miongoni mwa waliotazama alikuwamo kijana Mark Allen. Hakutosheka na kutazama. Oktoba mwaka huohuo alikwenda Kona, lakini kifaa cha kubadilishia gia katika baiskeli yake kikavunjika, akaacha njiani. Alirudi tena na tena bila kushinda, hata mwaka 1989 alipomshinda bingwa Dave Scott kwa tofauti ya sekunde 58, baada ya kuandamana naye bega kwa bega karibu siku nzima. Hadi mwaka 1995 alikwisha kupata ushindi mara sita. Moss na McCartney nao walirudi Kona mwaka 2012, miaka 30 baada ya siku ile.

Lakini kisa kilichotugusa zaidi ni cha mzee Hiromu Inada wa Japani. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 82, aliufikia mstari wa mwisho sekunde chache tu baada ya muda kwisha, na hakuhesabiwa. Mwaka 2016 alirudi, akamaliza ndani ya muda. Mwaka 2018 akamaliza tena, akiwa na miaka 85.

Kwa nini twayaeleza haya katika ukurasa wa walimu wa lugha? Kwa sababu kila mwaka huja kwetu mwanafunzi aliyeanguka mtihani, ameinamisha kichwa, nasi humwambia arudie. Tunamwandikia ubaoni kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tumeifundisha methali hiyo miaka mingi, tumeitolea mifano, tumesahihisha insha zake. Kumbe sisi wenyewe koleo letu lilivunjika mara moja tu, tukaifunga karakana. Tulijiambia kwamba umri umekwenda, kwamba arobaini na kitu si umri wa kushindana na vijana. Mzee Inada alipomaliza mwaka 2018 alikuwa na umri unaokaribia mara mbili ya wetu.

Siku ile ufukweni tulibaki mpaka wa mwisho alipofika. Alikuwa amechoka mno, na watu waliokuwa wamebaki walimpigia makofi kuliko walivyompigia mshindi. Jioni tuliporudi nyumbani tuliishusha baiskeli iliyokuwa imetundikwa ukutani tangu mwaka uliopita. Mnyororo ulikuwa umeshika kutu. Tukaufuta, tukautia mafuta, tukazungusha kanyagio mpaka gurudumu likazunguka bila kukwaruza.

Yule mwanafunzi bado anatudai jibu.