Nani Mfanyakazi? Kura za Kanali Creswell na Maslahi ya Vyama vya Wafanyakazi

Wengi wetu katika chama hiki cha Kiswahili tunaishi Malvern au tunapita Malvern kila siku. Tunaijua barabara ya Jules ilivyonyooka kutoka Jeppestown kuelekea mashariki, pamoja na yadi zake za magari, saluni zake, na vibanda ambako Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Dar es Salaam husikika kando ya Kizulu na Kiingereza. Tunakumbuka pia Septemba 2019, magari yalipochomwa moto kwenye barabara hiyo na wageni wakaambiwa kwamba wamekuja kunyang'anya wenyeji kazi.

Katika kikao chetu kimoja, mwenzetu anayelinda ghala usiku na kuhudhuria mihadhara mchana aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: "Mwanasiasa akisema yuko upande wa wafanyakazi, na mimi nimo?" Makala haya ni jaribio letu la kumjibu kwa njia ya historia, tukianzia hapa hapa mashariki ya Johannesburg.

Njia iliyozoeleka ya kumpima mwanasiasa ni kufungua kumbukumbu za Bunge, kuhesabu kura zake, kisha kuzilinganisha na yale ambayo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikidai. Kura zikienda sambamba na madai, tunamwita rafiki wa wafanyakazi. Zikienda kinyume, tunamwita msaliti. Sisi tunaona kwamba kipimo hiki ni kizuri, lakini hakitoshi. Tutaonyesha upungufu wake kwa kumtazama Kanali Frederic Creswell, kisha mwenzake Walter Madeley, na mwisho tutavuka hadi Tanganyika kwa Rashidi Kawawa.

Mhandisi aliyegeuka mbunge

Creswell alizaliwa Gibraltar mwaka 1866, akasomea uhandisi wa migodi, na baada ya vita vya Waingereza na Makaburu akawa meneja wa mgodi wa Village Main Reef hapa Johannesburg. Huko alijaribu kuajiri Wazungu wasio na ujuzi katika kazi zilizokuwa zikifanywa na Waafrika. Wenye migodi hawakupendezwa na gharama, naye akaondoka mwaka 1903. Mwaka uliofuata wakaanza kuletwa vibarua kutoka China, ambao jumla yao ilizidi 60,000, na Creswell akawa mmoja wa wapinzani wakubwa wa mpango huo. Kwa hiyo tangu mwanzo siasa yake ilikuwa na nyuso mbili: kuupinga mtaji wa migodi, na kuwapinga wafanyakazi wasio Wazungu.

Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Creswell akawa kiongozi wa Chama cha Labour, na katika Bunge la kwanza aliwakilisha jimbo la Jeppe, jirani kabisa na Malvern. Mitaa hii ya mashariki ilikuwa makazi ya mafundi, wafanyakazi wa reli na wachimbaji Wazungu, na hao ndio waliokuwa wapiga kura wake. Mwafrika wa Transvaal hakuwa na kura ya kumchagua mbunge. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake, na mbunge huvutia upande wa walio na kura.

Tukitumia kile kipimo cha kawaida, miaka ya mwanzo inampa Creswell alama nzuri. Mwezi Julai 1913 mgomo ulioanzia mgodi wa New Kleinfontein, Benoni, ulienea katika Rand nzima, na wanajeshi wakawafyatulia watu risasi katikati ya Johannesburg. Januari 1914 wafanyakazi wa reli waligoma, mgomo ukawa wa jumla, na serikali ikatangaza sheria ya kijeshi. Jenerali Smuts akawakamata viongozi tisa wa wafanyakazi, akawapakia kwenye meli Umgeni huko Durban na kuwafukuza nchini bila kuwafikisha mahakamani. Serikali ilipoleta bungeni muswada wa kuhalalisha hatua hizo baada ya kutendeka, Labour ilipinga kwa nguvu zake zote. Wabunge wake walikuwa wachache na walishindwa, lakini hapo kura na maslahi ya vyama vya wafanyakazi vilikuwa kitu kimoja.

Hata hivyo, miaka mitatu kabla ya hapo Bunge hilo hilo lilikuwa limepitisha Sheria ya Migodi na Mitambo ya 1911, ambayo kanuni zake zilizuia Waafrika kupata kazi za ujuzi. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwasimamia vibarua wa Kiafrika, iliyomfanya mchimbaji Mwafrika anayevunja mkataba kuwa mhalifu. Kwa maneno mengine, mgomo wa Mzungu ulikuwa mgogoro wa kazi, na mgomo wa Mwafrika ulikuwa jinai. Vyama vya wachimbaji Wazungu havikuandamana kupinga tofauti hiyo.

Kutoka 1922 hadi 1926

Bei ya dhahabu iliposhuka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Chemba ya Migodi ilitaka kupunguza gharama kwa kuwaondoa Wazungu wapatao 2,000 katika kazi za ujuzi wa kati na kuwaweka Waafrika wenye mshahara mdogo zaidi. Januari 1922 wachimbaji Wazungu zaidi ya 20,000 waligoma. Kufikia Machi mgomo ulikuwa umegeuka uasi wenye silaha. Smuts akatumia mizinga na ndege, Fordsburg ikapigwa makombora, na watu wapatao 200 wakapoteza maisha. Baadhi yao walikuwa Waafrika waliouawa na wagomaji. Wanaume wanne walinyongwa baadaye. Wagomaji walibeba bango lililowaita wafanyakazi wa dunia nzima waungane wapiganie Afrika Kusini ya Wazungu. Hatuhitaji kulifafanua bango hilo: ndani yake mna dunia nzima, lakini sisi hatumo.

Damu hiyo ndiyo iliyomfungulia Creswell mlango wa serikali. Mwaka 1923 alifanya mapatano na Jenerali Hertzog wa chama cha National, na katika uchaguzi wa Juni 1924 vyama hivyo viwili vikamshinda Smuts. National kilipata viti 63 na Labour 18. Creswell akawa Waziri wa Ulinzi, na kwa vipindi fulani akashika pia wizara ya Kazi.

Sasa tutazame sheria zenyewe. Ya kwanza ni Sheria ya Usuluhishi Viwandani ya 1924. Hii ilipitishwa na Smuts miezi michache kabla ya uchaguzi. Iliwapa vyama vya wafanyakazi kutambuliwa kisheria na mabaraza ya kujadiliana na waajiri, jambo ambalo wanachama wao walikuwa wamelifia. Lakini tafsiri yake ya neno "mwajiriwa" iliwatoa nje wanaume wa Kiafrika waliobeba pasi. Serikali ya Creswell na Hertzog haikuigusa tafsiri hiyo; iliitekeleza.

Ya pili ni Sheria ya Mishahara ya 1925, iliyounda bodi ya kupendekeza kima cha chini mahali pasipo na chama chenye nguvu. Maneno yake hayakutaja rangi, ingawa yaliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Tuseme kweli: hii ilikuwa na manufaa, na baadaye vyama vya Waafrika navyo viliitumia kudai nyongeza.

Ya tatu ni marekebisho ya Sheria ya Migodi na Mitambo ya 1926. Mahakama ilikuwa imebatilisha kizuizi cha rangi mwaka 1923 kwa kuwa kanuni zake hazikuwa na msingi katika sheria mama. Serikali ikaleta muswada wa kukirudisha. Seneti ikaukataa mwaka 1925, na ukapita mwaka uliofuata katika kikao cha pamoja cha mabunge mawili. Labour iliuunga mkono, na Smuts, yule yule wa mizinga, akaupinga.

Hapa ndipo kipimo chetu kinapotuchezea. Tukilinganisha kura na madai ya vyama vya wachimbaji Wazungu, Creswell anapata alama zote, na Smuts, aliyeipinga sheria ya kibaguzi, anaonekana adui wa wafanyakazi. Hesabu yenyewe haikukosewa. Neno "wafanyakazi" ndilo lililokuwa limeshakatwa nusu kabla hatujaanza kuhesabu.

Madeley na mambo yasiyopigiwa kura

Wakati huo Waafrika walikuwa na chama chao, ICU, kilichoanzishwa Cape Town mwaka 1919. Kiongozi wake, Clements Kadalie, alitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Alikuwa mgeni katika nchi hii kama wengi wetu. Mwaka 1924 Kadalie aliwahimiza Waafrika wenye kura huko Cape waunge mkono upande wa Hertzog, akitumaini kwamba serikali yenye Labour ndani ingewasikiliza. Miaka minne baadaye Walter Madeley, Waziri wa Posta kutoka Labour, alikubali kupokea ujumbe wa ICU. Hertzog alilivunja baraza zima la mawaziri na kuliunda upya bila Madeley. Creswell akabaki na Hertzog, Labour ikapasuka, na mwaka 1929 pande zote mbili zikarudi bungeni na viti 8 tu.

Tungependa kuishia hapo na kumpa Madeley taji. Lakini mwaka 1939 alirudi serikalini, safari hii chini ya Smuts, akiwa Waziri wa Kazi. Desemba 1942, yeye akiwa bado katika wizara hiyo, ilitolewa Amri ya Vita namba 145 iliyopiga marufuku migomo yote ya wafanyakazi Waafrika. Amri hiyo haikuwa sheria iliyopigiwa kura bungeni, na anayetafuta kura ya Madeley juu yake hataipata. Iliendelea kutumika baada ya vita kwisha, na wachimbaji Waafrika zaidi ya 60,000 walipogoma Agosti 1946 wakidai shilingi kumi kwa siku, walikabiliwa na polisi.

Kawawa, na somo la nyumbani

Tusije tukadhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa Rand peke yao. Rashidi Kawawa alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika lililoundwa mwaka 1955. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani na kuviweka vyama chini ya usimamizi mkali. Bunge lilikuwa karibu lote la TANU, kwa hiyo idadi ya kura haituambii kitu. Upinzani ulikuwa nje, kwa watu kama Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama wakakamatwa, TFL ikavunjwa, na NUTA ikaundwa, katibu mkuu wake akiwa Michael Kamaliza, ambaye pia alikuwa Waziri wa Kazi.

Hata hivyo, serikali hiyo hiyo ilipandisha kima cha chini cha mshahara, na hoja yake ilikuwa kwamba mkulima wa kijijini naye ni mfanyakazi asiye na chama cha kumsemea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyeamua nani mfanyakazi na nani amsemee alikuwa serikali, na mfanyakazi mwenyewe hakuulizwa.

Hitimisho

Turudi kwa mwenzetu wa ghala. Kwa mifano hii tunamshauri aulize maswali matatu kabla ya kuhesabu kura za mwanasiasa yeyote. Kwanza, sheria inamtaja nani kuwa mwajiriwa? Pili, ni mambo gani yaliamuliwa kwa kalamu ya waziri bila kura? Tatu, chama kinachosifiwa kuwa sauti ya wafanyakazi kinaandikisha nani, na kinamfungia nani mlango?

Kuhusu swali la kwanza, tuna habari njema. Sheria ya Mahusiano Kazini ya 1995 iliandika upya tafsiri ya mwajiriwa bila kutaja rangi wala uraia, na mwaka 2008 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba hata mgeni asiye na kibali halali ni mwajiriwa kwa maana ya sheria hiyo, na anaweza kupeleka malalamiko yake mbele ya msuluhishi. Lile neno lililomtoa Mwafrika nje mwaka 1924 leo linamwingiza mlinzi wa ghala kutoka Bukavu.

Hayo ni maandishi. Moto wa barabara ya Jules ulitufundisha kwamba tafsiri iliyo kwenye sheria huweza kukataliwa barabarani. Kwa hiyo jibu letu kwa mwenzetu ni hili: kisheria, umo. Katika hotuba za wanasiasa na katika vyama, bado panahitajika kazi, na sehemu ya kazi hiyo ni yetu, kuanzia kujiandikisha katika chama cha wafanyakazi hadi kuhudhuria mikutano yake na kusema tukiwa ndani.