Peter Bull: Nahodha wa dakika chache aliyefunga sinema ya vita vya ziwa letu

Barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai huteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa hadi Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Vita Kuu ya Kwanza ilifika hadi huku. Desemba 26, 1915, Waingereza waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Boti walizoanza nazo kazi hiyo zilikuwa zimesafirishwa kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapandishwa treni, kisha zikavutwa kwa mitambo ya mvuke na maksai kupita misitu ya Kongo.

Mwandishi C. S. Forester alichota kwenye mkasa huo alipotunga riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen. Mwaka 1951 John Huston aliifanya kuwa filamu. Dunia nzima inawakumbuka Humphrey Bogart, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na Katharine Hepburn. Nahodha wa meli ya Kijerumani Louisa, anayetokea dakika za mwisho tu, huwa hakumbukwi kwa jina. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Mwingereza Peter Bull.

Katika mabanda ya video swali la kwanza ni steringi nani, na la pili adui nani. Bull hakuwa steringi maisha yake yote, na mara nyingi hakuwa hata adui mkuu. Alikuwa balozi, mwalimu mkali, jenerali, ofisa mnene mwenye hasira. Kwa karibu miaka 50 aliishi kwa nafasi ndogo, na kila moja aliifanya kama vile mchezo mzima ulikuwa umeandikwa kwa ajili yake.

Alizaliwa Machi 21, 1912 jijini London, mtoto wa Sir William Bull, mbunge wa Hammersmith. Alipanda jukwaani mwaka 1933. Mwaka 1936 alianzisha kikundi cha maigizo ya kiangazi huko Perranporth, pwani ya Cornwall, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Robert Morley, rafiki yake wa kudumu. Wawili hao walikutana tena katika The African Queen. Morley alikuwa Mchungaji Samuel Sayer, mmisionari anayepoteza akili na kufa baada ya askari kuchoma kijiji. Hata hivyo, Morley hakuja Afrika. Sehemu zake zilipigwa Uingereza wakati wenzake wakihangaika na joto na maradhi Kongo na Uganda.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Bull aliingia katika jeshi la majini, akapanda vyeo hadi kuongoza vyombo vya kushushia vifaru ufukweni katika Bahari ya Mediterania, na akatunukiwa nishani ya ushujaa, DSC. Kwa hiyo mtu aliyevaa kofia ya nahodha mbele ya kamera ya Huston alikuwa ameshawahi kutoa amri za kweli baharini, risasi zikipita.

Hilo linaonekana mwishoni mwa filamu. Bogart na Hepburn wamekamatwa, wamehukumiwa kunyongwa, na kitanzi kiko tayari. Bogart anaomba nahodha awafungishe ndoa kwanza. Bull anashangaa kidogo, anakubali, anawaoza kwa maneno machache, na papo hapo, kwa sauti ileile, anaamuru unyongaji uendelee. Hakonyezi jicho wala hatafuti kicheko. Ni ofisa anayemaliza shughuli mbili mfululizo, na ndiyo maana watazamaji hucheka na kuogopa kwa pamoja. Muda mfupi baadaye Louisa inalipuka. Katika riwaya mambo ni tofauti: meli hiyo inazamishwa na boti za Waingereza, kama yalivyotokea Tanganyika.

Jukwaani alipewa mitihani migumu zaidi. Agosti 3, 1955, Waiting for Godot ya Samuel Beckett ilipochezwa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa Arts Theatre, London, chini ya Peter Hall, Bull ndiye aliyekuwa Pozzo, bwana anayemburuza mtumishi wake kwa kamba. Baadhi ya watazamaji walisusa na kutoka ukumbini, lakini waigizaji hawakuacha kazi. Leo mchezo huo unafundishwa vyuoni duniani kote. Mwaka 1961 alikuwa Tetzel, muuza rehema, katika Luther ya John Osborne, na miaka miwili baadaye alikuwa Thwackum, mwalimu wa viboko, katika filamu ya Tom Jones.

Mwaka 1964 Stanley Kubrick alimpa nafasi ya balozi wa Urusi, de Sadesky, katika Dr. Strangelove. Mtazamaji makini atamwona, nyuma ya Peter Sellers, akishindwa kuzuia kicheko.

Kumbukumbu zake za uigizaji, zilizochapishwa mwaka 1959, alizipa jina I Know the Face, But..., yaani sura naijua, ila jina limenitoka. Aliandika pia juu ya vita vyake baharini na juu ya midoli ya dubu aliyoipenda kuikusanya. Mmoja wa dubu hao alitumika katika tamthilia ya televisheni ya mwaka 1981, Brideshead Revisited. Bull alifariki Mei 20, 1984, akiwa na umri wa miaka 72.

Vikundi vya maigizo vya Rukwa vina la kujifunza hapa. Vijana wengi hukataa nafasi ya mlinzi au karani kwa sababu inaonekana dakika mbili tu. Waitafute The African Queen, waangalie mwisho wake, wahesabu maneno ya nahodha. Kisha waikumbuke Kasanga: vita vilipita hapo, wazee wa Kifipa walivishuhudia, na filamu iliyotokana navyo ilipigwa nchi nyingine bila Mfipa hata mmoja kupewa jina katika hadithi. Kazi hiyo bado inasubiri watu wa Ufipa wenyewe, na itahitaji waigizaji wa nafasi ndogo wengi kuliko masteringi.