Darasa la Kwanza (Tanzania)

Darasa la kwanza ni mwaka wa mwanzo wa elimu ya msingi, na muhula wake wa kwanza hufunguliwa Januari. Tangu mtaala wa 2015, kazi yake kuu ni stadi za KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Lugha ya kufundishia katika shule nyingi za serikali ni Kiswahili.

Siku huanza kwa usafi wa mazingira, kisha mstarini, ambako mwalimu wa zamu hukagua kucha na sare. Darasani watoto husimama kumwamkia mwalimu. Kusoma huanza na irabu, a, e, i, o, u, kisha silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, mtoto aliyezishika silabi husoma hata neno asilowahi kuliona. Hapo ndipo penye uzito wa mwaka mzima, na mwalimu mwenye subira hapaharakishi.

Hesabu hufundishwa kwa vijiti, mawe na vizibo vya soda. Baada ya elimumsingi bila ada kuanza 2016, uandikishaji uliongezeka sana, na katika shule nyingi dawati moja hukaliwa na watoto kadhaa.