Gari kuukuu la kuunda upya: Bodi na stakabadhi kwanza, injini baadaye

UKIONA vyaelea, vimeundwa. Magari ya zamani yanayometameta katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa 1970 jijini Nairobi, ni matunda ya miezi, pengine miaka, ya jasho na fedha. Hata hivyo, mwenye kipato cha wastani hajafungiwa mlango. Anaweza kulichukua gari kuukuu na kuliunda upya kwa mtindo aupendao, mradi achague vyema tangu mwanzo. Gari baya lililonunuliwa kwa bei ya kutupa humfilisi mwenyewe kabla hata ya kupakwa rangi.

Kwa Wakenya wengi, utafutaji huanzia na kuishia humu nchini. Kanuni za uagizaji kwa kawaida haziruhusu gari lililopita umri wa miaka minane kuingizwa, hivyo gari la miaka ya sitini au sabini sharti lisakwe katika maboma, mashamba na gereji za hapa.

Kutu ndiyo adui

Wanunuzi wengi huanza kwa kuiwasha injini na kusikiliza mngurumo wake. Hilo ni kuanzia mwisho. Injini iliyokufa huweza kutolewa na nyingine iliyotumika kuwekwa kwa muda mfupi. Bodi iliyoliwa na kutu ni jambo jingine: mabati hukatwa, vipande vipya hufinyangwa na kuchomelewa, milango hulinganishwa, kisha ndipo rangi hupakwa. Kazi hiyo humeza muda na fedha kuliko nyingine yoyote.

Mnunuzi aende na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Mahali isiposhika kwenye bodi ya chuma, huenda kuna puti iliyofunika tundu. Ainue mazulia, achungulie chini ya vizingiti vya milango, ndani ya matao ya magurudumu na mahali jeki huwekwa. Bisibisi ikipenya kwa urahisi kwenye chesisi, aondoke. Gari lililoishi Mombasa, Kilifi au Malindi, palipo na hewa ya chumvi, lichunguzwe maradufu kuliko lililokaa Nakuru au Naivasha.

Yapi yafaayo?

Kwa bajeti ndogo, gari la kawaida ni bora kuliko la nadra, kwa kuwa vipuri na mafundi wake hupatikana.

Volkswagen Beetle: Iliundwa zaidi ya milioni 21 hadi uzalishaji ulipokoma nchini Mexico 2003, na vipuri vyake vingali vinatengenezwa. Injini yake hupozwa kwa hewa, hivyo haina radieta, nayo bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yake. Sifa hiyo ndiyo iliyowavutia waundaji wa magari ya mitindo kote duniani. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma na asidi yake hutoboa sakafu. Hapo pakaguliwe kwanza.

Peugeot 504: Ilizinduliwa Ufaransa 1968, ikashinda Safari Rally 1975 na 1978, na kwa miaka mingi iliunganishwa Mombasa. Ni pana, imara na huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. Pikapu na steshenwagoni zake nyingi zimechakazwa na mizigo na abiria. Saluni iliyotumiwa na familia moja ina nafuu.

Toyota Corolla na Datsun 1200: Injini za Toyota za 3K, 4K na 5K ni za ukoo mmoja, sawa na A12, A14 na A15 za Datsun. Mwenye gari anaweza kuongeza nguvu kwa kubadilisha injini bila kukata bodi.

Land Rover Series: Sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu isiyoshika kutu, lakini chesisi ni ya chuma. Gari linaloonekana zima juu huenda limeoza chini.

Jambo jingine ni petroli. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini ya risasi kufikia Januari 2006. Risasi hiyo ilikuwa ikikinga makalio ya vali katika baadhi ya injini kuukuu. Fundi aulizwe iwapo injini husika imewekewa makalio magumu.

Stakabadhi

Gari lisilo na hati halali ya usajili ni chuma chakavu, hata liwe zuri vipi. Nambari za chesisi na injini zilinganishwe na zilizo kwenye logibuku, na umiliki uthibitishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA). Magari mengi ya aina hii ni ya marehemu. Iwapo urithi haujatatuliwa mahakamani, anayeuza hana mamlaka ya kuuza. Injini au rangi ikibadilishwa, rekodi nazo zibadilishwe.

Kuigawa bajeti

Bei ya kununua isizidi nusu ya fedha zilizopo. Kinachobaki kitangulie kwenye breki, usukani, tairi na nyaya za umeme. Viti, rimu na rangi vifuate. Mafundi wa jua kali wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na wenzao mijini kwingine wana ujuzi wa kufufua vifaa ambavyo haviuzwi tena, ila malipo yapatanwe kwa kila hatua.

Gari lililofunguliwa na vipande vyake kutiwa kwenye maboksi liepukwe. Aliyelifungua alishindwa kulimaliza, na vipande vilivyopotea hujulikana siku ya kuliunganisha. Heri gari dhaifu linalotembea, kwani mwenyewe atalitengeneza kidogo kidogo huku akilitumia.